Jina langu halikusomwa msibani kwa baba: nitaponaje chuki na kukataliwa?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mtumishi. Nina miaka 34. Baba na mama hawakuoana. Nilipofika miaka 5 nilipelekwa kwa baba, nikalelewa na mama wa kambo pamoja na watoto wake watano. Nilikua nikiitwa "mtoto wa nje", nikila baada ya wenzangu. Baba alifariki 2021. Siku ya mazishi ukasomwa wasifu wa marehemu: ameacha mjane na watoto watano. Nilikuwa nimekaa palepale, nimejifunga kanga ya msiba kama wao. Nimeokoka miaka 9 iliyopita. Nimefunga, nimeombewa roho ya kukataliwa mara nyingi, lakini mdogo wangu akinipigia simu mikono inatetemeka. Nawachukia, na naogopa chuki hii itanipeleka motoni. Sasa mdogo wetu wa mwisho anaolewa Desemba na wameniingiza kwenye grupu la michango. Nifanyeje?

JIBU: Amina, dada yangu.

Tuanzie palepale msibani. Wasifu wa marehemu haujiandiki. Watu huketi usiku wa kuamkia mazishi, aliyeshika kalamu huuliza "watoto tuandike wangapi?", na mtu hujibu. Kilichosomwa kwenye kipaza sauti ilikuwa hesabu iliyokubaliwa, ikasomwa mbele ya jeneza la baba yako, majirani na waumini wakisikia. Hilo ni kosa na lina jina: ulikanwa. Nalitaja mapema kwa sababu watu wenye jeraha kama lako huambiwa "yaache hayo, songa mbele" hata kabla hawajamaliza kusimulia. Kidonda kikifungwa kabla hakijasafishwa hutunga usaha chini kwa chini. Uponyaji wa Kikristo hauanzi kwa kujifanya hakuna kilichotokea. Pale msalabani Mungu hakusema dhambi haikuwepo. Aliihesabu yote, kisha akaibeba.

Kuhusu hofu yako ya moto, tenganisha mambo mawili ambayo barua yako imeyaweka chungu kimoja. Mikono kutetemeka simu inapoita si chuki. Huo ni mwili uliojifunza tangu utotoni kwamba sauti fulani huleta fedheha, nao unajikinga kabla akili haijafikiri. Hilo halihitaji toba. Linahitaji muda na usalama. Chuki ni kitu kingine. Ni hasira iliyopewa chumba, ikalala, ikaamka, ikaanza kutaka mwenzako apungukiwe. Jipime hivi: ukisikia mtoto wa mdogo wako amefeli mtihani, au mama wa kambo ameanguka sukari na kulazwa, kitu cha kwanza kinachopita moyoni ni nini? Kama ni "afadhali", basi hapo ipo chuki, na 1 Yohana 4:20 haituachii nafasi ya kuipamba. Lakini anayeiona chuki yake na kuiogopa, kama wewe, yuko mlangoni mwa toba. Mungu hamfukuzi mtu wa namna hiyo.

Sasa kuhusu kuombewa. Biblia haitaji pepo mwenye jina la kukataliwa. Simaanishi kwamba adui hana habari na kidonda chako. Efeso 4:27 inaonya tusimpe Ibilisi nafasi, na ukisoma mstari unaotangulia utaona nafasi yenyewe inatoka wapi: jua linazama na uchungu bado umo ndani. Hata akifukuzwa Jumapili kwa kelele, mlango ukibaki wazi Jumatatu atarudi. Ndiyo maana umeombewa mara nyingi na hali bado inarejea. Waliokuombea hawakukudanganya, ila maombi yao yalibebeshwa kazi ambayo Yesu aliiweka mikononi mwako mwenyewe, ya kusamehe. Tena mtu akikutajia kiasi cha sadaka ili akufungue, inuka uondoke. Na maombi ya kurudisha mishale, yale ya "wafe wanaonichukia", yaache kabisa. Ukiyaomba kila alfajiri unailisha chuki kwa kijiko kilekile unachotarajia kuiondolea.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Nunua daftari la kawaida la shule, uliweke mahali ambapo hakuna atakayelifungua. Tenga dakika 40, mara mbili kwa wiki, kwa wiki sita. Usifanye usiku. Kumbukumbu ukiziamsha saa 4 usiku zitakesha na wewe. Chagua asubuhi au alasiri, na baada yake uwe na kazi ya mikono inayokungoja, kufua au kuchambua mchele, ili mwili urudi kwenye siku ya leo. Kila ukikaa, shughulika na mtu mmoja tu, na matukio yasizidi matatu. Wengi huharibikiwa hapa: hukaa usiku mmoja wakaandika maisha mazima, wakaamka wagonjwa, wakasema njia haifai.

Kwa kila tukio andika mistari minne. Alifanya nini. Alininyang'anya nini. Nilianza kuamini nini juu yangu mwenyewe. Na mimi nilijibu vipi. Usiandike "walininyanyasa", maana neno hilo ni pana mno, halishikiki. Andika kitu kinachoonekana kwa macho: wali ulipakuliwa kwenye sinia, watoto watano wakaitwa, mimi nikaambiwa ningoje ukoko. Alininyang'anya nini? Chakula kidogo, na nafasi kwenye mkeka. Niliamini nini? Kwamba mimi ni wa mwisho, na anayetaka kitu kabla ya wengine ni mkosefu. Mstari huo wa tatu ndio wenye thamani kuliko yote, kwa sababu yaliyofanyika yamepita lakini ulichokiamini bado kinakuendesha. Ndicho kinachokufanya usome dharau pale kiongozi wa kwaya anaposahau kukusalimia, au uombe radhi kwa jambo ambalo hukulikosea. Mstari wa nne usiuruke. Kama uliwasema vibaya kwa jirani, au ulimnunia mtoto asiyehusika, hayo ni yako, na yatubie kama yako.

Ukimaliza kuandika, usikimbilie kusamehe. Omboleza kwanza. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu, na inakupa kiolezo. Mistari miwili ya mwanzo ni malalamiko, na neno "hata lini" limerudiwa mara nne. Miwili ya kati ni ombi. Miwili ya mwisho ni tumaini. Andika yako kwa mpangilio huohuo, kwa maneno yako: hata lini nitahesabiwa nje? Kama siku hiyo tumaini halitoki, ishia kwenye ombi. Zaburi ya 88 inaishia gizani kabisa na bado imo ndani ya Biblia. Mungu hakuikataa kwa kukosa amina ya furaha.

Kisha ndipo msamaha. Tazama mfano wa Mathayo 18:21–35 kwa makini, maana mara nyingi unahubiriwa nusu. Mtumwa mmoja amesamehewa talanta 10,000, halafu anamkaba koo mwenzake kwa dinari 100. Tunaambiwa dinari 100 ni pesa ya pipi. Si kweli. Mathayo 20:2 inaonyesha dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku nzima, kwa hiyo dinari 100 ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Mtu aliyedhulumiwa mshahara wa miezi mitatu ana haki ya kuumia. Yesu hakusema ulichofanyiwa ni kidogo. Alichofanya ni kuliweka deni hilo halisi kando ya deni lingine. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, basi talanta 10,000 ni ujira wa siku milioni 60, kazi ya zaidi ya miaka 160,000. Hilo ndilo wewe na mimi tumefutiwa. Msamaha hautoki kwenye kupunguza walichokufanyia. Unatoka kwenye kuona ulichofanyiwa na Kristo. Anayejaribu kusamehe kwa kujiambia "si kitu, ni utoto tu" hujikuta anadai tena mwezi ujao, kwa sababu hakuwahi kukubali kwamba kulikuwa na deni.

Sema kwa sauti, tukio moja moja, kwa majina yao: "Baba wa mbinguni, mama wa kambo alinyamaza jina langu lilipoachwa kwenye wasifu wa baba. Liliniuma kwa sababu lilinitoa kwenye ukoo mbele ya watu. Ananiwia heshima na ukweli. Leo nalifuta deni hili mbele zako. Sitalidai kwa kununa, wala kwa kulisimulia ili achukiwe. Hukumu ni yako." Kisha andika tarehe pembeni. Tarehe hiyo ina kazi. Kumbukumbu itarudi, pengine wiki hiyohiyo, na utasikia sauti ikisema hukusamehe lolote. Fungua ukurasa, soma tarehe, useme "nilishalifuta". Petro alipouliza kuhusu mara saba akajibiwa saba mara sabini. Naamini sehemu ya hesabu hiyo ni kosa lilelile moja linalohitaji kusamehewa kila linapopanda kichwani.

Kosa moja nakuomba ulikwepe: usimpigie mama wa kambo simu kumwambia "nimekusamehe". Hajaomba. Atasikia umemshtaki, atajitetea, na utapata jeraha jipya juu ya lile la zamani. Marko 11:25 inasema msamehe msimamapo kusali. Mahali pake pa kwanza ni mbele za Mungu.

Sasa mstari wa tatu wa daftari. Kwa kila uongo uliouandika, tafuta neno moja la Mungu linaloujibu huo, si lolote tu. Uongo wa "sina wa kwangu" unajibiwa na Zaburi 27:10: "Baba yangu na mama yangu wameniacha, Bali BWANA atanikaribisha kwake." Ule wa wasifu unajibiwa na Luka 10:20, Yesu anapowaambia wanafunzi wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni. Kaa na andiko moja wiki nzima. Lisome kwa sauti asubuhi, na ulirudie hasa pale uongo wenyewe unapoamka. Ukisoma ishirini kwa mpigo unakuwa kama mtu anayemeza dozi nzima siku moja ili apone haraka.

Lakini andiko peke yake chumbani halitoshi. Nalisema hili kwa uzito, maana wengi wa walio kama wewe ni hodari wa kufunga na kuomba peke yao. Ulijeruhiwa na watu mezani, na sehemu ya kupona kwako itapitia kwa watu mezani. Jumuiya, seli, kundi la nyumbani, vyovyote kanisa lako linavyoita: tafuta lile lenye watu wachache, uende kila wiki. Ndani yake chagua mama mmoja mtu mzima, asiyechukua maneno kwenda nayo, umwambie habari hii. Yakobo 5:16 inafunga kuponywa na kuungama na kuombeana pamoja. Utashawishika kujitenga mara ya kwanza watakapokusahau kwenye jambo fulani. Kabla hujaondoka, uliza. Mara nyingi utakuta simu yako haikupatikana, basi.

Kuna njia ya mkato inayovutia sana, ya kutaka kuponywa kwa mafanikio: siku nikijenga, siku nikija na gari langu, watanitambua. Msome Yeftha, Waamuzi 11. Ni wewe kabisa. Ndugu zake walimfukuza wakisema hatarithi kwa kuwa ni mwana wa mwanamke mwingine. Baadaye wazee wa Gileadi, kwao, wakamwendea nchi ya Tobu wakamwomba awe kichwa chao. Akapata cheo, akashinda vita. Lakini akaweka nadhiri ya kumtolea Mungu chochote kitakachotoka nyumbani kumlaki, kama mtu asiyeamini kwamba Mungu angemsaidia bila malipo, na aliyetoka ni binti yake wa pekee. Kisha watu wa Efraimu wakawatukana Wagileadi kuwa ni watoro. Fikiria neno hilo likimwangukia mtu aliyewahi kukimbia kwao! Wakafa Waefraimu 42,000. Waebrania 11:32 inamhesabu miongoni mwa watu wa imani, kwa hiyo imani alikuwa nayo. Biblia haisemi waziwazi kwamba jeraha ndilo lililomwongoza. Huo ni usomaji wangu. Ila nauona mara kwa mara: cheo hakifikii mahali ambapo tusi la zamani limekaa.

Tuje kwa ndugu zako. Kusamehe ni jambo moja, kupatana ni jambo la pili, kuamini tena ni la tatu, na hayaendi kwa mwendo mmoja. Kusamehe unaweza peke yako. Kupatana kunataka pande mbili, ndiyo maana Paulo akaandika, "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Kuamini tena kunataka ushahidi. Yusufu aliuzwa akiwa na miaka 17, akajitambulisha kwa ndugu zake akiwa na miaka kama 39. Hapo katikati alimwita mwanawe Manase, akisema Mungu amemsahaulisha nyumba yote ya baba yake, lakini alipowasikia ndugu zake wakikiri kosa lao alijitenga akalia. Kwa hiyo machozi yasikutishe. Tena hakuwafungulia moyo siku ya kwanza. Aliwajaribu, akamzuia Simeoni, akatazama watamfanyia nini Benyamini. Yuda, aliyekuwa ametoa shauri la kumuuza, ndiye aliyejitoa abaki mtumwa badala ya mdogo wake. Hapo Yusufu akashindwa kujizuia. Hizo ndizo dalili za kutazama kwa ndugu zako pia: mtu anayelitaja kosa bila "lakini", anayekubali kugharamika kwa ajili yako, na anayerudia kufanya hivyo wasipokuwepo watu. Mpaka uzione, salamu, heshima na maombi vinatosha. Siri zako na akiba yako si lazima.

Na kama mirathi ya baba haijafungwa, kusamehe hakukunyang'anyi haki yako. Paulo aliimba gerezani Filipi, na kesho yake akakataa kutolewa kimyakimya, akataka wakuu waje wenyewe (Matendo 16:37). Anza na wazee wa ukoo na wa kanisa, kwa sababu 1 Wakorintho 6 inatutaka tujaribu huko kwanza. Ikishindikana, chukua cheti chako cha kuzaliwa, nenda kwa msaidizi wa kisheria akuongoze kufika kwenye mahakama iliyomteua msimamizi wa mirathi. Kipimo ni kama unaweza kudai haki bila kutaka waumbuke. Kama bado huwezi, rudi kwenye daftari kwanza, lakini uliza mapema kuhusu muda wa kisheria usije ukakupita.

Jambo lingine nalitaja kwa ufupi ingawa ni kubwa. Kama kwa wiki mbili mfululizo hulali, huli, kazi imekushinda, au unawaza kwamba heri kufa, nenda hospitali uulizie kitengo cha afya ya akili. Wazo la kujidhuru lisingoje hata hizo wiki mbili. Nenda siku hiyohiyo, tena na mtu. Eliya alipoomba afe, alilala, na malaika akampa mkate na maji, mara mbili, kabla Mungu hajazungumza naye mlimani.

Mwisho, harusi ya Desemba. Changia kiasi ambacho ungempa mfanyakazi mwenzako bila kukisikia mfukoni. Usikope ili uonekane. Lea alimzalia Yakobo wana akitumaini kila mmoja atamrudishia mume, na ni kwa mtoto wa nne, Yuda, ndipo aliposema "mara hii nitamsifu BWANA". Mchango wako usiwe kama Reubeni, mzaliwa wake wa kwanza, wa kununulia upendo. Tuma mara moja, andika "Hongera mdogo wangu", kisha zima milio ya grupu, na usibishane humo hata mtu akirusha neno.

Kwenda au kutokwenda ni hiari yako, na ukiona bado ni mapema si dhambi. Ukienda, nenda na yule mama wa jumuiya au rafiki mmoja anayejua habari yako. Kaeni meza iliyo karibu na njia, na mkubaliane saa ya kuondoka kabla hamjafika. Mpe mama wa kambo shikamoo yake. Ni heshima ya umri wake, haimaanishi kwamba hakuna kilichotokea. Kuwa na sentensi moja uliyoifanyia mazoezi kwa sauti nyumbani. Shangazi akikuita mtoto wa nje, mwambie kwa upole, "Shangazi, jina langu unalijua," kisha nyamaza, usiongeze maelezo. MC akiita watoto wa marehemu wasimame na jina lako lisitajwe, usisimame kwa kushindana wala usitoke kwa kishindo. Shika mkono wa mwenzako, pumua polepole, na mlitaje hilo mkiwa njiani kurudi. Usiku huo usiandike chochote. Oga, kula, lala. Kesho yake alasiri fungua daftari, dakika 40, tukio moja, mistari minne.